Msimamizi Kati ya Wenzake

Kupanda cheo ni jambo ambalo wengi hulitamani na wachache hulipima. Mtu apandishwaye cheo na kupelekwa mahali pa ugeni ana nafuu moja: wale atakaowaongoza hawakumjua jana. Lakini yule apandishwaye pale pale alipokuwa akitumwa, kati ya watu aliokula nao sahani moja na kunung'unika nao juu ya wakubwa, hupewa kazi mbili kwa mshahara mmoja. Kazi ya kwanza imeandikwa katika barua yake. Ya pili haikuandikwa popote, nayo ni kuwa mtu mpya mbele ya macho yaliyozoea kumwona wa zamani. Juu ya kazi hii ya pili nataka kusema machache, na nitayasema kwa njia ya maisha ya dada yangu, kwa sababu yeye aliijua kwa kutenda kabla mimi sijaijua kwa kuumia.

Dada yangu ni muuguzi. Mimi ni mwalimu wa lugha. Mwaka 2008 nilikaa nyumbani kwake miezi minane, katika mji wetu wa pwani, nikikusanya maneno ya wavuvi kwa ajili ya tasnifu yangu ya udaktari. Mchana niliwafuata wavuvi, na usiku niliandika. Katika nyumba ile zilikuwamo taa mbili zilizochelewa kuzimwa: yangu, iliyomulika karatasi za tasnifu, na yake, iliyomulika orodha ya zamu za wauguzi. Nilidhani ya kuwa taa yangu ndiyo iliyomulika kazi ngumu. Nilikosea.

Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika wodi ya upasuaji ya wanawake. Aliweza kuuona mshipa wa damu katika mkono uliokondeana ambao wengine walikuwa wameuchoma mara tatu bila kuupata. Alijua kwa kutazama uso tu ni mgonjwa yupi aliyekuwa akificha maumivu kwa haya, na ni yupi aliyekuwa akiyakuza kwa hofu. Madaktari vijana walimwuliza kwa siri mambo ambayo hawakutaka kuwauliza wakubwa wao. Msimamizi wa wodi alipostaafu, barua ya kushika nafasi yake ilimjia dada yangu, wala hakuna aliyestaajabu. Wenzake walimpokea kwa vigelegele. Shoga yake mkuu alimletea doti moja ya kanga, akamfunga mwenyewe kiunoni, na wodi nzima ikacheka.

Juu ya shoga huyu yapasa niseme zaidi. Walisoma uuguzi pamoja miaka mitatu, vitanda vyao vikiwa ubavu kwa ubavu. Waliajiriwa mwaka mmoja, wakapangwa wodi moja. Shoga yule alikuwa na mtoto wa kiume mwenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao huwatesa watoto wengi wa nchi yetu. Mtoto aliposhikwa na maumivu ya mifupa, mama yake hakuweza kufika kazini, au alifika saa mbili baada ya wakati. Kwa miaka yote ile dada yangu alimsitiri. Alibaki wodini baada ya zamu yake kwisha. Alifanya zamu ya usiku ambayo haikuwa yake, akarudi nyumbani asubuhi macho mekundu, akalala saa tatu, kisha akarudi kufanya zamu yake mwenyewe. Hakuomba malipo, wala hakumsimulia mtu. Kama upo urafiki duniani, ule ulikuwa urafiki.

Msomaji asiyejua maisha ya wodi huenda akafikiri ya kuwa msimamizi ni mtu wa kukaa mezani na kuamuru. Sivyo. Wodi haifungwi kama ofisi. Ina zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, na kila zamu lazima impokeze mgonjwa kwa zamu nyingine kama watu wapokezanao chungu cha moto. Nani amepasuliwa leo, nani hajapata haja ndogo, dripu ya nani itakwisha saa ngapi, yote husemwa kitanda kwa kitanda. Dawa kali za maumivu, kama mofini na pethidini, hukaa katika kabati la pekee lenye kufuli, nazo huhesabiwa na watu wawili, wakatia saini wote wawili. Msimamizi ndiye ajibuye kwa hayo yote, na zaidi ya hayo ndiye apangaye orodha ya zamu: nani atakesha na nani atalala, nani atakula sikukuu na watoto wake na nani ataila kwa simu.

Na katika kupanga huko hagawi wingi, hugawa upungufu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokadiria ya kuwa ulimwengu ulikuwa na wauguzi milioni 28 hivi, na ya kuwa katika kila kumi, tisa walikuwa wanawake. Ripoti hiyo hiyo ilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na sehemu iliyo kubwa kabisa ya upungufu huo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hesabu za namna hii huonekana kubwa na za mbali. Katika wodi ya dada yangu hesabu ile ilikuwa ndogo tena ya karibu: usiku, muuguzi mmoja na mhudumu mmoja kwa wagonjwa zaidi ya thelathini.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kosa la mtu hodari. Aliendelea kufanya kazi zote kwa mikono yake. Akimwona muuguzi kijana akisitasita na sindano, aliichukua akaichoma mwenyewe. Alifunga vidonda, alitandika vitanda, alihesabu dawa, na orodha ya zamu akaja nayo nyumbani kuipanga saa tano za usiku. Florence Nightingale, ambaye mwaka 1854 aliongoza wauguzi 38 kwenda Scutari katika Uturuki kuwauguza askari wa Uingereza wa vita vya Krimea, alikwisha kuliona kosa hilo. Katika kitabu chake juu ya uuguzi kilichotoka mwaka 1859 aliweka sura nzima juu ya mambo madogo ya usimamizi, na shauri lake kwa kifupi ni kwamba mwenye madaraka asijisifu kwa kulitenda lililo jema kwa mkono wake, bali ahakikishe kuwa jema hilo litatendwa hata yeye asipokuwapo. Dada yangu hakuwa amesahau somo hilo la chuoni. Lakini mikono ina kiburi chake, na mikono iliyosifiwa miaka kumi na mmoja haikubali upesi kukaa mapajani.

Kosa lake la pili lilikuwa kosa la mtu mwema, na kwa hiyo lilikuwa gumu zaidi kulitambua. Shoga yake aliendelea kuhitaji msaada, naye aliendelea kumsaidia. Ila sasa hakuwa na haja ya kukesha badala yake. Alikuwa na kalamu. Aliipanga orodha hata jina la shoga yake likawa haliangukii usiku ila mara chache sana. Zamu zile za usiku hazikutoweka kwa sababu jina moja limetolewa. Zilitafuta majina mengine, zikawapata wale wasioweza kukataa. Aliyepata nyingi kuliko wote alikuwa binti mmoja aliyeajiriwa mwaka ule, mpole, ambaye kila alipoulizwa hali alijibu kuwa ni njema.

Nilimwona dada yangu akiipanga orodha ile, na kwa macho yangu nilimwona kuwa ni mtu yule yule mwenye huruma niliyemjua. Hakuwa amebadilika. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Tendo lilikuwa lile lile, nia ilikuwa ile ile, na anayesaidiwa alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mwenye kulipa. Alipokuwa muuguzi, alitoa usingizi wake. Alipokuwa msimamizi, alitoa usingizi wa wengine, na bado alijiona mkarimu.

Siku moja kabla ya alfajiri simu iligongwa nyumbani. Mwanamke mmoja aliyepasuliwa tumbo jioni iliyotangulia alikutwa shuka lake limeloa damu, mapigo ya moyo yakienda mbio na mikono imekuwa baridi. Alirudishwa chumba cha upasuaji, akaongezwa damu, na kwa rehema ya Mungu akapona. Baada ya majuma mawili alikwenda nyumbani kwa miguu yake. Lakini shinikizo lake la damu, ambalo lilipasa kupimwa mara kwa mara usiku ule, lilikuwa halijapimwa kwa saa tatu. Muuguzi wa zamu alikuwa binti yule mpole. Alikuwa amehangaika na mgonjwa mwingine kwenye pembe ya pili ya wodi, kisha akaketi kuandika daftari la ripoti, na kalamu ikamwanguka mkononi. Ilikuwa zamu yake ya sita ya usiku mfululizo. Katika zamu zile sita, mbili kwa haki zilikuwa za shoga wa dada yangu.

Binti alitakiwa kuandika barua ya maelezo. Alikuwa amelala kazini, na kulala kazini ni kosa. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Msimamizi naye alitakiwa kuandika ripoti yake. Usiku ule dada yangu alikuja mezani kwangu na karatasi, akasema, "Mdogo wangu, wewe ndiwe fundi wa lugha. Nisahihishie."

Nilisoma. Ripoti ilikuwa nzuri. Palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba orodha ya zamu ya juma lile ilipangwa kwa kuzingatia upungufu wa watumishi. Sikuona kosa la sarufi, na nikamwambia kwamba lugha yake ilikuwa ya adabu na ya kiofisi. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ilipangwa na nani?" Nikanyamaza. Mimi niliyekuwa nikifundisha kauli ya kutendwa, na kuwaeleza wanafunzi ya kuwa kauli hiyo humwondoa mtenda mbele ya sentensi na kumpa nafasi ya kujificha, nilikuwa nimeisoma bila kuona ni nani aliyejificha. Alichukua kalamu, akakata, akaandika: niliipanga mimi. Akaongeza idadi ya zamu za usiku za kila muuguzi kwa mwezi ule, jina kwa jina, na jina la shoga yake likiwamo na tarakimu yake ndogo.

Waswahili husema mkubwa ni jalala. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumfariji mkubwa anayetupiwa lawama zisizo zake. Usiku ule nilijifunza ya kuwa yapo pia mambo yaliyo ya mkubwa mwenyewe, ambayo yeye huyatupa kwa wadogo, na hapo jalala huwa ni mdogo. Dada yangu alipewa onyo kwa maandishi. Binti hakufukuzwa, naye alionywa kwa sehemu yake, na akabaki kazini.

Juma lililofuata aliwaita wenzake wote wa wodi. Aliwaambia alilolitenda, akaiweka orodha tupu mezani, akamwomba kila mmoja aseme mzigo wake. Ndipo ikajulikana ya kuwa hapakuwa na asiye na mzigo. Mmoja alikuwa na mume mgonjwa. Mwingine alilea watoto wa marehemu ndugu yake. Binti mpole, alipofikiwa, alisema kwa sauti ndogo ya kuwa aliishi na bibi yake kipofu, na ya kuwa katika zile zamu sita alimwacha peke yake, mlango ukifungwa kwa nje na jirani. Hakuwa amewahi kusema, kwa sababu alikuwa mgeni na hakujua kama wageni wanaruhusiwa kuwa na bibi.

Walikubaliana mambo machache. Zamu za usiku zigawanywe sawasawa. Mwenye dharura abadilishane na mwenzake, wote wawili watie saini daftarini, na deni lilipwe. Waislamu wawashikie Wakristo zamu za Krismasi, na Wakristo wawashikie Waislamu zamu za Idi. Mtoto mwenye selimundu alipolazwa hospitali, mama yake asipangwe usiku, nao wote wachange zamu zake. Dada yangu, ambaye kwa cheo chake hakulazimika kukesha, alijiandikia usiku mmoja kila mwezi, na jina lake akaliweka la kwanza.

Ungefikiri, msomaji, kwamba shoga yake angefurahi, maana haja yake sasa ilijulikana na kukubaliwa na wote. Hakufurahi. Alimfuata dada yangu nyumbani, nami nilikuwa ukumbini, nikamsikia akisema, "Shoga, nilichokuwa nikipewa kwa mapenzi, leo wanifanya nikiombe mkutanoni." Sikusikia jibu. Nadhani halikuwapo. Neno lile lilikuwa na ukweli wake, na haki haina njia ya kuujibu ukweli wa namna hiyo isipokuwa kuendelea kuwa haki. Mwaka uliofuata shoga yule aliomba uhamisho, akaenda kliniki ya mchana. Mtoto wake, namshukuru Mungu, amekua. Ni kijana sasa.

Nilimaliza tasnifu yangu, nikaondoka, nikadhani nimeondoka na maneno ya wavuvi tu. Mwaka 2019 nilifanywa mkuu wa idara, kati ya walimu ambao miaka mingi nilikunywa nao chai na kuwacheka wakuu wa idara. Rafiki yangu mmoja, tuliyeshiriki chumba kimoja cha kazi miaka tisa, aliniomba nimwondolee darasa la mwaka wa kwanza la Ijumaa alasiri, lenye wanafunzi mia tatu na marundo ya insha za kusahihisha. Nilimwondolea. Ilikuwa furaha kubwa kuweza kumfanyia rafiki jambo kwa kutia alama moja ya kalamu. Muhula ulipofika nusu nilimkuta mhadhiri msaidizi, kijana, ameinamia insha zile usiku, na ofisi nyingine zote zimefungwa. Nilimwuliza hali. Akajibu kuwa ni njema.

Jibu lile nilikuwa nimelisikia mahali. Nilikwenda kuitazama ratiba ya vipindi, nikahesabu, nikakuta ya kuwa kijana yule alikuwa na vipindi mara mbili ya rafiki yangu. Sina sababu ya kujisifu kwa yaliyofuata. Nilichelewa muhula mzima kabla ya kusema, kwa kuwa niliogopa chumba chetu cha kazi kingekuwa kimya. Nilipoirekebisha ratiba, kikawa kimya kweli, kwa muda.

Nimelifikiri sana neno msimamizi. Limetokana na kusimama, likapitia kusimamia. Kiambishi kile kidogo kilichoingia katikati kina maana zaidi ya moja: mtu aweza kusimama juu ya wenzake, na aweza kusimama kwa ajili yao. Neno halichagui, humwachia mwenye cheo achague. Waliojiunga na TANU zamani waliahidi, pamoja na mengine, ya kuwa cheo ni dhamana. Dhamana ni mali ya mtu mwingine iliyo mkononi mwako. Mtu aweza kuitoa mali yake mpaka abaki uchi, na watu wakamsifu. Akiitoa mali aliyowekewa, hata kwa rafiki mhitaji, jina la tendo lile ni jingine. Zamu za usiku hazikuwa mali ya dada yangu, wala darasa la Ijumaa halikuwa langu. Yalikuwa mapumziko ya watu wasiokuwapo chumbani tulipoyagawa.

Mama yetu alipofariki mwaka 2016, shoga yule alikuja msibani. Aliingia moja kwa moja uani, akajifunga, akaosha masufuria pamoja na wanawake wengine kwa siku tatu, na siku ya tatu alipoaga alimshika dada yangu mikono yote miwili. Alimwambia, "Pole, Sista." Wagonjwa humwita hivyo, na watumishi wapya humwita hivyo. Yeye kabla ya hapo hakupata kumwita ila shoga. Dada yangu alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akaendelea na kazi za msiba.

Hivi sasa amebakiwa na miaka michache kabla ya kustaafu. Likizo iliyopita nilimwuliza kama angetenda vile tena. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho. "Ningetenda," alisema, "lakini nisingengoja damu ya mtu. Ningemwambia siku ile ile ya barua, alipokuja na kanga."